Mwale Usioonekana na Maabara Iliyogeuzwa Ghala

Katika kikao ambacho sitakitaja, ofisa ambaye pia sitamtaja alisoma kwa sauti kichwa cha andiko la utafiti la mwanafunzi wangu, akakomea katikati, akavua miwani na kuuliza: "Daktari, hizi nutrino zitashusha bei ya unga?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa adabu ya mtu aliyekuja kuomba fedha. Kijana mwenyewe, mzaliwa wa Iramba, alikuwa ameketi nyuma yangu na faili lake mapajani. Yeye hakucheka.

Alichokuwa akiomba kilikuwa kidogo mno. Alitaka kuunda vigunduzi vinne vya chembe ziitwazo muoni, kwa vipande vya plastiki inayotoa mwanga, vihisi vya mwanga na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, ili ajifunze namna vigunduzi vikubwa vinavyolinda mwelekeo wa mwale wa nutrino huko Japani na Marekani. Gharama yote isingefikia posho za siku moja za kikao kile. Alishauriwa abadili mada, atafute kitu "chenye tija kwa mwananchi". Akaandika kuhusu masoko ya alizeti, akafaulu, akahitimu. Sina ugomvi na alizeti. Mafuta yake ndiyo yaliyonilea. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jinsi taifa linavyoweza kumpoteza mwanafizikia kwa kicheko kimoja, na leo nimeamua kumjibu ofisa yule kwa urefu kuliko dakika mbili nilizopewa.

Nutrino ni chembe isiyo na chaji, nyepesi kiasi kwamba uzito wake haujapimwa barabara hadi leo. Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930 ili kuokoa hesabu za nishati zilizokuwa hazifungi. Ikapita miaka 26 kabla ya Clyde Cowan na Frederick Reines kutangaza, mwaka 1956, kwamba wameinasa alama yake kando ya tanuri la nyuklia nchini Marekani. Kila sekunde, nutrino zipatazo bilioni 60 kutoka juani hupita katika eneo linalolingana na ukucha wa kidole gumba chako, zikatokea upande wa pili bila kugusa kitu. Usiku, jua likiwa chini ya miguu yetu, hutupitia zikipanda kutoka ardhini. Ni wageni wasiobisha hodi na wasioaga.

Chembe ya namna hiyo unaielekezaje? Huko Tokai, pwani ya mashariki ya Japani, protoni huchapuliwa hadi zikaribie kasi ya mwanga, kisha hugongeshwa kwenye fimbo ya grafiti yenye urefu wa sentimita 90 hivi. Mgongano huo huzaa pioni. Sumaku zenye umbo la pembe huzikusanya na kuzielekeza mbele, nazo husafiri ndani ya handaki la karibu mita 100 zikivunjika njiani na kuwa muoni na nutrino. Mwisho wa handaki kuna ukuta mzito wa grafiti na chuma unaomeza karibu kila kitu. Nutrino haumezi. Zinapenya chini ya milima kwa kilomita 295 hadi Kamioka, ambako tangi la tani 50,000 za maji safi, lililofukiwa mita 1,000 chini ya mlima katika mgodi wa zamani, huzisubiri. Jaribio hilo linaitwa T2K, na kilomita zake 295 zinaizidi barabara ya kutoka Dodoma hadi Singida mjini. Umbali huo naomba msomaji aukumbuke, maana nitaurudia kwa sababu isiyohusu Japani.

Kosa la elfu moja ya radiani pale Tokai, yaani pembe ndogo mno, hukihamisha kitovu cha mwale kwa karibu mita 300 kule Kamioka. Kwa hiyo wenzetu hawaungoji mwale ufike ndipo waulize kama ulikwenda sawa. Nyuma ya ule ukuta wameweka vigunduzi vya muoni. Muoni zenye nguvu kuliko nyingine huupenya ukuta, na kwa kuwa zimezaliwa tumbo moja na nutrino, ukizijua zimeelekea wapi umejua na ndugu zao wameelekea wapi. Kisha, mita 280 kutoka chanzo, kuna kigunduzi kiitwacho INGRID: moduli 14 zilizopangwa kwa umbo la msalaba, kila moja ikiwa ni sahani za chuma zilizopishanishwa na tabaka za plastiki inayotoa mwanga. Nutrino chache, kati ya halaiki isiyohesabika, hugonga chuma. Chembe zinazoruka kutoka kwenye mgongano huiwasha plastiki, na nyuzi nyembamba huupeleka mwanga huo kwenye vihisi. Siku hata siku watu huhesabu: mkono huu wa msalaba umepata ngapi, na ule umepata ngapi? Kitovu kikisogea watajua siku hiyohiyo au keshoye.

Hiyo ndiyo kazi aliyotaka kujifunza kijana wa Iramba. Haina uchawi ndani yake. Ni chuma, plastiki, waya na uaminifu wa kuhesabu.

Na uaminifu huo una bei. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba nutrino zilizorushwa kutoka CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, zilifika Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730, zikiwa zimeutangulia mwanga kwa takribani nanosekunde 60. Dunia ilitikisika, ingekuwa kweli, vitabu vya Einstein vingehitaji kuandikwa upya. Wenyewe waliomba wakaguliwe. Miezi michache baadaye ikabainika kwamba waya mmoja wa nyuzi za mwanga haukuwa umekazwa vizuri kwenye kifaa chake. Machi 2012 viongozi wawili wa jaribio hilo walijiuzulu, baada ya wenzao kugawanyika kuhusu imani waliyokuwa nayo kwao. Naomba mtumishi wa umma anayesoma haya atulie hapo kidogo. Waya haukukazwa, hakuna aliyeiba hata senti, nao wakaachia nafasi zao.

Sasa turudi kwenye kilomita zetu. Fizikia ya mwale hupima mara mbili: karibu na chanzo, kabla chembe hazijasafiri, na mbali, baada ya kufika. Ugunduzi kwamba nutrino hubadilika aina njiani, uliowapa Takaaki Kajita na Arthur McDonald Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ndio unaochunguzwa kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili. Bila kipimo cha karibu, kile cha mbali hakisemi lolote la maana, kwa sababu hujui kilichotumwa kilikuwa nini.

Sisi katika elimu ya sayansi tunapima mara moja tu, mwisho wa safari, matokeo ya Kidato cha Nne yakitangazwa. Mtoto wa Mkalama akianguka fizikia, analaumiwa yeye, kisha mwalimu wake, kisha "mwamko mdogo wa wazazi", maneno ambayo nimeyasoma katika taarifa nyingi mno kuliko ninavyoweza kuvumilia. Hakuna aliyepima mita 280 kutoka chanzo. Fedha ziliondoka Dodoma kiasi gani, zikafika kwenye meza ya jaribio kiasi gani, na kati ya hapo zilibadilika kuwa kitu gani?

Wengi mnaikumbuka kampeni ya maabara ya mwaka 2014. Kila shule ya kata ilitakiwa kuwa na vyumba vitatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walihimizwa kuchangia, na mahali pengine walilazimishwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa Novemba, ikasogezwa hadi Juni 2015. Nia ilikuwa njema na sitaidhihaki. Lakini nimeingia katika shule moja ya mkoa huu, nayo siitaji kwa kuwa mwalimu wake atahamishwa, nikakuta mlango umeandikwa MAABARA YA FIZIKIA kwa rangi ya bluu. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, madawati yaliyovunjika miguu, na meza ndefu za zege zenye mabomba ambayo hayajawahi kupitisha tone la maji. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, na hesabu alifundisha yeye. "Jengo lilikaguliwa, Daktari," aliniambia. "Walikuja, wakapiga picha, wakatupongeza."

Tukiwa tunatoka, mzee mmoja mjumbe wa bodi ya shule alinishika mkono. "Mwanangu, mimi nilitoa mbuzi wawili kwa ajili ya chumba kile. Wewe ndiye msomi. Humo ndani wanafanya nini?"

Nilimwambia ukweli, shikamoo yangu ikiwa bado ya moto mdomoni. Aliangalia chini, akasema mbuzi wale walikuwa na mimba.

Ndiyo maana nasema swali la nutrino na swali la chumba kile ni swali moja. Taarifa iliyokwenda juu ilisema maabara imekamilika, na haikusema uongo: kuta zipo, bati lipo. Kigunduzi kilichotumika kupima kilikuwa kamera, na kamera huona kuta. Tungekuwa na ofisa mmoja tu wa elimu aliyewahi kuunda kifaa kwa mikono yake, akahangaika na waya usiokazwa, angejua kwamba maabara hukaguliwa kwa kufanya jaribio ndani yake.

Wapo watakaoniambia kwamba fizikia hii ni ya wazungu na wajapani, na sisi ni wageni mlangoni. Historia haisemi hivyo. Nutrino ya kwanza ya asili, iliyozaliwa na miale ya anga badala ya tanuri la nyuklia, ilinaswa katika ardhi ya Afrika. Ilikuwa tarehe 23 Februari 1965, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, kwa kazi ya Reines yule yule na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka huohuo kundi lililofanya kazi katika mgodi wa Kolar nchini India likapata matokeo kama hayo. Mashimo yale ya Rand hayakuchimbwa na maprofesa. Yalichimbwa na Waafrika walioletwa kutoka kusini mwa bara lote, na wazee wa Rungwe wanaokumbuka Wenela watakueleza kwamba vijana wa Tanganyika nao walipelekwa kwenye migodi ya nchi ile hadi serikali ya Uhuru ilipokataa. Tuliingia katika fizikia ya nutrino tukiwa mikono. Ninachodai ni kwamba tuingie na vichwa pia.

Singida yenyewe ina somo lake la dhahabu. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909 hivi. Vita ilipowabana mwaka 1916 wakaipeleka dhahabu ya Sekenke Tabora, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Leo sarafu moja huuzwa kwenye minada ya Ulaya kwa maelfu ya dola. Iramba imebaki na mashimo na simulizi. Linganisha na mgodi wa Homestake huko South Dakota, Marekani: ulipofungwa mwaka 2002, watu wa jimbo lile walikataa uachwe usahaulike. Sasa unaandaliwa kupokea, kilomita 1.5 chini ya ardhi, vigunduzi vya jaribio la DUNE, vitakavyosubiri mwale wa nutrino kutoka Illinois, kilomita 1,300. Karibu na chanzo, kigunduzi kiitwacho SAND kitabaki mahali pamoja katikati ya mwale, kazi yake ikiwa kuulinda usipotoke. Katika orodha ya nchi zinazoshiriki jaribio hilo imo Madagaska. Naam, Madagaska, ambayo pato la mwananchi wake ni dogo kuliko letu. Sijui huko nani aliuliza bei ya unga. Au mchele.

Hapa naona mwanasiasa mmoja ameinuka kitini, macho yakimetameta. Ikungi kuna mgodi mpya uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Basi tujenge kigunduzi cha nutrino Ikungi, utepe ukatwe! Keti, mheshimiwa. Mgodi ule ni wa mashimo ya wazi, si wa kina kinachokinga miale ya anga, na mwale wa karibu zaidi uko mabara mengine. Mradi wa namna hiyo ungekuwa ule ule mlango wa rangi ya bluu, mkubwa zaidi. Wanaoidharau sayansi wananiudhi. Wanaoipenda kwa ajili ya picha wananiogopesha.

Kinachowezekana ni kile alichoomba kijana. Muoni za angani hunyesha juu yetu bila kibali cha mtu yeyote: usawa wa bahari ni karibu moja kwa kila sentimita ya mraba kwa kila dakika, na Singida, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, inapata zaidi. Ipo michoro iliyotolewa bure na watafiti wa MIT ya kigunduzi cha mezani kinachogharimu takribani dola 100. Anayeweza kukiunda, kukirekebisha na kutetea hesabu zake ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi inayofanyika Tokai. Na hapo ndipo unga unapoingia. Manyoni kumetafutwa urani kwa miaka mingi. Siku ikichimbwa, nani atapima vumbi linaloangukia visima vya watu? Tume ya Nguvu za Atomiki haiwezi kuwa na mtu katika kila kijiji. Plastiki na vihisi vinavyonasa muoni ni jamaa wa karibu wa vinavyonasa mionzi ya urani. Mashine zinazowachoma wagonjwa wa saratani pale Ocean Road ni vichapuzi vya chembe, wadogo zake mtambo wa Tokai, na zikiharibika mgonjwa wa Kiomboi aliyesafiri siku nzima husubiri fundi. Huyo fundi atoke wapi, ikiwa kila aliyetaka kugusa chembe tumemwelekeza kwenye masoko?

Nisijitoe. Sisi wahadhiri tuna sehemu yetu katika lawama hii, na si ndogo. Tunafundisha fizikia ya chembe kwa maelezo yaliyorudufiwa tangu tulipokuwa wanafunzi, kisha tunakimbilia warsha. Wangapi kati yetu tumewahi kukaa usiku na wanafunzi tukihesabu chochote? Shule ya Afrika ya Fizikia ilifanyika Kigali mwaka 2016, basi tu la siku moja na nusu kutoka hapa. Mimi sikwenda. Nilikuwa na kazi ya ushauri elekezi iliyolipa vizuri, na ripoti yake, nina hakika, haijasomwa na mtu.

Kicheko kile cha ukumbini si cha kwanza katika nchi hii. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Alipouliza, mwalimu alimdhihaki na darasa likacheka. Akaendelea kuuliza hadi akamfikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka, akarudia jaribio. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lenye jina la Kitanzania. Mpemba mwenyewe alimalizia utumishi wake katika wanyamapori. Tembo ni wengi wa kuwatunza, sikatai.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Afrika iliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti tangu Lagos mwaka 1980, na viongozi wakairudia ahadi hiyo Addis Ababa mwaka 2007. Wabunge wetu wanaweza kuuliza kila bajeti tumefikia wapi, kwa tarakimu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wa Ikungi wanaweza kuandika humo, mwaka ujao, vifaa vya fizikia kwa shule zinazouzunguka mgodi, pamoja na mshahara wa fundi wa maabara. Na wakaguzi wa shule waje na betri, balbu na waya, wamwombe mwanafunzi yeyote awashe taa mbele yao kabla hawajatia saini.

Yule kijana anatengeneza simu Singida mjini, karibu na stendi. Mwaka huu, kwa fedha zake mwenyewe, ameagiza plastiki na kihisi, ameunda kigunduzi kimoja. Alinipigia usiku wa manane nisikilize kinavyolia kila muoni inapopita, na nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko salio lake lilivyoruhusu. Anaomba akipeleke kwenye shule ile ya magunia, awaonyeshe Kidato cha Tatu namna ya kuhesabu, Jumamosi moja tu, bila posho. Nimemwandikia mkurugenzi anayehusika barua tatu kuomba chumba kiondolewe mahindi kwa siku hiyo. Barua ya mwisho iko masjala tangu mwezi wa pili, na nimepewa namba ya kumbukumbu.